Reli za Marekani: chama cha wazungu kilishindwa na Pullman 1894, weusi waliofungiwa mlango wakaja kuishinda 1937

#1 Taruma la Mninga

Wakuu salaam.

Ukisoma habari za reli za Marekani utakutana na matajiri kwanza. Vanderbilt, Stanford, Hill, Pullman. Nani alijenga wapi, alipata faida kiasi gani, aliweka seneta gani mfukoni. Leo naleta habari za waliokuwa juu ya behewa na ndani ya behewa. Nimechagua kampuni moja ya mabehewa ya kulala, Pullman, kwa sababu iliingia vitani na wafanyakazi mara mbili. Mwaka 1894 ilipambana na chama cha wazungu watupu ikakisambaratisha. Baadaye ikapambana na weusi ambao chama kile kiliwakatalia uanachama, na hao wakaipiga chini. Naamini mambo hayo mawili yana uhusiano. Uzi ni mrefu, wenye haraka wapite kwa amani.

Kwanza tuone kazi ya reli ilivyokuwa.

Reli ya Baltimore & Ohio (B&O) ilianza kujengwa 1828. Tarehe 10 Mei 1869, pale Promontory, Utah, reli iliyotoka California ikakutana na iliyotoka Omaha. Kufika 1916 mtandao ulikuwa umevuka kilomita 400,000, na hapo ndipo ulipofikia kilele chake.

Treni za mizigo za zama hizo zilikuwa na watu wa breki. Dereva akipiga filimbi ya kusimama, hawa jamaa wanapanda juu ya paa la behewa huku treni inakimbia, wanazungusha gurudumu la chuma mpaka breki ikamate, halafu wanaruka behewa linalofuata, na linalofuata. Iwe usiku, iwe mvua, iwe barafu imetanda juu ya paa.

Kuunga mabehewa kulikuwa kubaya zaidi. Kila behewa lilikuwa na mdomo wa chuma. Ndani ya mdomo kinaingia kiungo kama pete ndefu, kisha pini inadondoshwa kutoka juu kukifunga. Mtu anasimama katikati ya mabehewa mawili, moja limesimama, la pili linasukumwa na kichwa linamjia. Anakinyanyua kile kiungo kwa mkono, anakilenga kwenye mdomo, anautoa mkono kabla vyuma havijagongana, na mkono wa pili unadondosha pini. Ukichelewa kidogo tu, vidole vimekwenda. Ukiteleza, umekwenda wewe. Walikuwa wanasema msimamizi akitaka kujua kama mwomba kazi ana uzoefu anamtazama mikono: akiwa na vidole vyote kumi, huyo bado mgeni.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba dawa ilikuwepo. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo 1869. Eli Janney alipata ya kiungio kinachojifunga chenyewe 1873. Makampuni yakavuta miguu kwa sababu vifaa vilikuwa na bei na mtu wa breki alikuwa anapatikana kila asubuhi getini. Mwaka 1889 Rais Harrison aliwaambia wabunge kuwa ni aibu mfanyakazi wa reli kukabili hatari sawa na ya askari vitani. Sheria ikaja 1893, na ikachukua hadi 1900 kukamata sawasawa. Katika mwaka uliokwisha Juni 1893 peke yake, wafanyakazi wa reli 2,727 walikufa kazini.

Makampuni ya bima hayakutaka hata kuwaona watu hawa. Ndiyo maana vyama vyao vya mwanzo vilikuwa zaidi vya kuzikana na kutunza wajane kuliko vya kugoma. Madereva walianzisha chao 1863, makondakta 1868, wachochea moto 1873, watu wa breki 1883. Kila kada kivyake, na dereva hakutaka kufananishwa na mtu wa breki. Jambo moja walikubaliana: mweusi haingii.

Mwaka 1877 walipata kionjo cha nguvu yao. B&O ilikata tena mishahara kwa asilimia 10, watu wa Martinsburg, West Virginia, wakavitenganisha vichwa na mabehewa wakasema hakitoki kitu. Moto ukasambaa hadi Chicago na St. Louis. Pittsburgh wanamgambo waliotoka Philadelphia walifyatulia umati risasi wakaua watu kama 20, umati ukajibu kwa kuchoma yadi nzima. Vichwa vya treni zaidi ya 100 viliteketea. Rais Hayes akapeleka jeshi. Nchi nzima walikufa watu wapatao 100, na hakuna chama hata kimoja kilichokuwa kinaongoza mgomo ule.

Naendelea na Pullman.

#2 Gulwe Junction

Mkuu hapo kwenye pini umenigusa. Mzee wangu alikuwa yadi, kazi ya kuunga mabehewa, na zama zake viungio vilikuwa vya kisasa lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa na historia. Tiririka, nimeweka kambi.

#3 Taruma la Mninga

George Pullman alitengeneza mabehewa ya kulala. Kitanda kinakunjuliwa usiku, asubuhi kinarudi kuwa kiti, zulia chini, taa nzuri, shuka safi. Hakuyauza kwa makampuni ya reli. Aliyakodisha, na wahudumu wake wakiwa ndani. Kwa hiyo abiria alilipa nauli kwa reli, na akalipa ya kulala kwa Pullman.

Kuanzia 1880 akajenga mji kusini mwa Chicago akauita jina lake. Kiwanda, nyumba za matofali, soko, maktaba, kanisa, hoteli. Kila tofali lilikuwa la kampuni.

Mwaka 1893 uchumi ukaanguka. Pullman akakata mishahara, kwa wastani robo nzima, wengine zaidi. Kodi ya nyumba haikushuka hata senti. Na kodi ilikuwa inasubiriwa kwenye dirisha la mshahara. Mchungaji mmoja wa mji ule, William Carwardine, alieleza habari ya fundi ambaye baada ya kulipa kodi alibaki na hundi ya senti 2. Jamaa hakwenda kuichukua hiyo hela, alitaka hundi iwekwe kwenye fremu.

Wakati huohuo wenye hisa waliendelea kupokea gawio la asilimia 8 kama kawaida.

#4 Nondo Tatu

Ngoja kwanza mkuu. Nyumba za matofali, maji ndani, maua barabarani, wakati Chicago wenzao wanabanana kwenye vibanda na matope. Tuwe wakweli, wangapi wanajengewa hivyo na mwajiri hata leo? Mambo mengine ni watu kukosa shukrani.

#5 Taruma la Mninga

Nondo Tatu, nyumba zilikuwa bora, hilo halina ubishi. Hata wageni kutoka Ulaya walikuwa wanapelekwa kuzishangaa. Lakini angalia masharti. Kuinunua huwezi. Notisi ya siku 10 inatosha kukutoa. Gesi ya taa kampuni iliizalisha kwa senti 33 kwa futi 1,000, ikawauzia wapangaji kwa dola 2.25. Maktaba ilikuwa na ada. Kanisa zuri la mawe ya kijani lilikaa muda mrefu bila waumini kwa sababu nalo lilitakiwa lilipe kodi, na madhehebu yaliyokuwepo hayakuimudu. Pombe ilipatikana hotelini tu, kwa wageni.

Na kodi zenyewe zilikuwa juu kuliko mitaa ya jirani.

Mmoja wa waliosimama kuzungumza alikuwa binti mshona nguo wa kiwandani, Jennie Curtis. Baba yake alifanya kazi kwa Pullman miaka mingi, akafa akiacha deni la kodi la dola 60. Kampuni ikamwambia binti alilipe kidogokidogo kutoka kwenye ujira wake. Hapo shukrani inatoka wapi, mkuu?

Mei 1894 wakatuma kamati kwa uongozi. Waliahidiwa hakuna atakayeguswa. Siku iliyofuata watatu wa kamati wakasimamishwa kazi. Tarehe 11 Mei kiwanda kikagoma.

#6 Taruma la Mninga

Sasa anaingia Eugene Debs. Huyu alikuwa kiongozi wa chama cha wachochea moto, akachoka kuona kila kada inagoma peke yake na inapigwa peke yake. Juni 1893 akaanzisha chama kimoja cha wote, American Railway Union. Dereva, mtu wa breki, fundi, mfagiaji yadi, wote ndani. Aprili 1894 wakaishinda reli ya Great Northern kwa mgomo wa siku 18, na baada ya hapo watu wakamiminika. Kwa muda mfupi chama kikawa na wanachama kama 150,000.

Mkutano mkuu wa Juni 1894 ulifanyika Chicago, wakati Pullman wapo kwenye mgomo. Na hapo pakaletwa hoja: je, weusi waingie? Debs alisema waingie. Kura zikapigwa, 112 wakasema hapana, 100 wakasema ndiyo. Kura 12.

Mkutano uleule ukaamua kugomea kila behewa la Pullman. Kuanzia 26 Juni, treni yenye behewa la Pullman haiguswi. Makampuni yakikataa kulikata behewa, treni nzima inalala. Takriban wafanyakazi 250,000 katika majimbo 27 wakawa wameweka zana chini. Magharibi ya Chicago reli zikanyamaza.

Ndani ya kila behewa lile alikuwemo mhudumu mweusi. Maelfu ya watu wenye kisa na kampuni kuliko mtu yeyote, na chama kilikuwa kimewaambia kwa kura kwamba hakiwahitaji. Baadhi ya weusi wa Chicago walikwenda kushika nafasi za waliogoma, na wakisema wazi kwa nini.

Serikali nayo ilikuja kwa miguu yote. Mwanasheria mkuu, Richard Olney, alikuwa mwanasheria wa makampuni ya reli kabla ya kuteuliwa. Mabehewa ya barua yakaunganishwa kwenye treni zenye Pullman, ili anayezuia Pullman aonekane anazuia barua za serikali. Mahakama ikatoa zuio tarehe 2 Julai likikataza viongozi hata kuwasiliana na matawi kuhamasisha mgomo, na sheria iliyotumika ni ile ya 1890 iliyotungwa kudhibiti makampuni makubwa yanayohodhi soko! Rais Cleveland akapeleka jeshi Chicago bila kuombwa na gavana, na gavana Altgeld akapinga kwa maandishi. Watu kama 30 waliuawa katika vurugu zilizofuata. Debs akafungwa miezi 6 huko Woodstock, Illinois. Chama kikafa.

Kichekesho cha historia: sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba, Cleveland aliisaini kuwa sheria tarehe 28 Juni 1894, siku mbili baada ya mgomo mkubwa kuanza.

Pullman mwenyewe alifariki 1897. Familia ilihofia wafanyakazi watamfukua, jeneza likazikwa ndani ya zege na vyuma vya reli.

#7 Kibao Kata

Zege na vyuma vya reli 😂😂 huyo alijua alichokifanya duniani.

#8 Mama Semeni

Hao wahudumu weusi wewe unawataja juu juu tu. Walikuwa wanalipwaje? Na walifanya nini hasa humo ndani?

#9 Taruma la Mninga

Mama Semeni, ndiko ninakoelekea.

Baada ya utumwa kufutwa, Pullman aliajiri wanaume weusi, wengi wao waliotoka utumwani, kwa hesabu ya biashara: walikuwa rahisi, na abiria mzungu aliyezoea kuhudumiwa na mtumwa angejisikia nyumbani. Abiria waliwaita wote "George", jina la George Pullman, kama mtumwa alivyobebeshwa jina la bwana wake. Tajiri mmoja mzungu wa mbao aliyeitwa George alikereka mpaka akaanzisha chama cha kupinga wahudumu kuitwa George. Hakuwatetea wahudumu. Alikuwa analitetea jina lake.

Kazi ilikuwa hivi. Mhudumu anafika stesheni saa kadhaa kabla ya treni kuondoka, anaandaa behewa, anapokea abiria na mizigo. Muda huo haulipwi, mshahara unaanza magurudumu yakizunguka. Usiku anakunjua vitanda, anatandika shuka, anajibu kengele. Abiria wakilala anakusanya viatu vyao na kuving'arisha, kwa kiwi aliyoinunua mwenyewe. Taulo ikiibwa inakatwa kwake. Analala kwa muda wa saa tatu au nne tu kwenye kochi la chumba cha kuvutia sigara cha wanaume, kama hakuna abiria aliyekaa hapo anacheza karata.

Ili apate mshahara wa mwezi alitakiwa atimize saa 400 au maili 11,000. Saa 400 kwa mwezi, gawanya mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 mshahara wa chini ulikuwa dola 67.50, na humo humo anajilipia chakula njiani, sare na kiwi. Kinachobaki ni bakshishi, na bakshishi inataka utabasamu hata ukiitwa jina la mbwa.

Serikali iliwahi kuunda tume kuchunguza mambo ya ajira, na 1915 ikamhoji mwenyekiti wa bodi ya Pullman. Wakati huo mhudumu alianzia dola 27.50 kwa mwezi. Mwenyekiti huyo, aliyekuwa pia rais wa kampuni baada ya Pullman kufa, aliitwa Robert Todd Lincoln.

#10 Kibao Kata

Lincoln?? Mtoto wa Lincoln yule yule?

#11 Taruma la Mninga

Yule yule. Baba alisaini tangazo la kuwaachia huru watumwa, mtoto akaongoza kampuni iliyokuwa mwajiri mkubwa wa watoto wao.

Hata hivyo msidhani kazi ile ilidharauliwa na weusi wenzao. Mtaani kwao mhudumu wa Pullman alikuwa mtu wa heshima. Amefika New York, Los Angeles, New Orleans, anajua matajiri wanazungumza nini. Gazeti la weusi la Chicago Defender lilikuwa likichukiwa na wazungu wa kusini, huwezi kuliuza hadharani. Wahudumu walibeba mafurushi na kuyaangusha njiani. Mtu wa shambani Mississippi alijua kupitia wao kwamba Chicago kuna kazi, na treni inaondoka saa ngapi.

Sasa chama. Tarehe 25 Agosti 1925, Harlem, New York, wahudumu walizindua chama chao cha Brotherhood of Sleeping Car Porters. Kiongozi wakamchukua A. Philip Randolph, mhariri wa jarida la kijamaa ambaye hakuwahi kuwa mhudumu hata siku moja. Ilikuwa akili kubwa: kampuni haiwezi kumfukuza kazi mtu isiyemwajiri. Chicago akashika Milton Webster, aliyefukuzwa na Pullman, na huyo ndiye aliyejua ngumi za chini.

Kampuni ilikuwa na majasusi ndani ya wahudumu. Ukionekana kwenye mkutano, wiki hiyo hiyo unaitwa. Hapo Mama Semeni ndipo wanawake walipobeba kazi. Mume hawezi kuonekana, mke ndiye anakusanya michango, anapita nyumba kwa nyumba, anaandaa chakula cha kuchangisha fedha. Washington alikuwepo Rosina Tucker. Kampuni ilipogundua anachofanya ikamtoa kazini mume wake. Mama akavaa, akaenda ofisini kwa msimamizi mzungu, akapiga meza akamwambia kazi zake yeye hazimhusu mumewe, na safari ya mumewe irudishwe. Ikarudishwa. Alifariki 1987 akiwa na miaka 105.

Mwaka 1928 waliitisha mgomo wakaufuta dakika za mwisho, na hapo wanachama wakakimbia. Mdororo wa 1929 ukamalizia. Kufika 1933 waliolipa ada walikuwa mamia tu kutoka maelfu, ofisi ya New York imekatiwa umeme.

Kisha upepo ukageuka. Juni 1935 ukafanyika uchaguzi chini ya usimamizi wa serikali: chama cha Randolph au chama kilichotengenezwa na kampuni. Wahudumu 5,931 wakachagua Brotherhood, 1,422 wakachagua cha kampuni. Mazungumzo yakavutwa miaka miwili zaidi. Tarehe 25 Agosti 1937, miaka 12 kamili tangu Harlem, Pullman ikasaini mkataba. Saa zikashuka kutoka 400 hadi 240 kwa mwezi, mishahara ikapanda. Kabla ya hapo haikuwahi kutokea kampuni kubwa ya Marekani kusaini mkataba na chama cha weusi.

#12 Nondo Tatu

Nondo nzuri, lakini Wachina umewaruka kabisa. Bila Wachina ile reli ya kuvuka milima ingejengwa na nani?

#13 Taruma la Mninga

Kweli wanastahili uzi wao. Kwa kifupi: Central Pacific, kampuni iliyojenga reli ya kutoka California, ilianza kuwaajiri kwa wingi 1865 kwa sababu wazungu walikuwa wanapokea mshahara wa kwanza wanakimbilia migodi ya fedha. Kilele chake walikuwa zaidi ya 10,000. Kwenye mwamba wa Sierra Nevada handaki lilisogea kama futi moja kwa siku, kwa baruti na baadaye nitrogliserini, hatari tupu. Walijilipia chakula wakati wazungu walilishwa na kampuni. Lakini walikunywa chai ya maji yaliyochemshwa, kwa hiyo hawakuharisha kama wenzao.

Juni 1867 waligoma, maelfu, kwa utulivu mkubwa. Walitaka dola 40 kwa mwezi badala ya 35, na saa zipungue. Charles Crocker wa kampuni hakutuma askari. Alikata chakula kisipande mlimani. Ndani ya wiki moja wakarudi kazini. Na 1882 nchi ikatunga sheria ya kuwazuia Wachina wengine wasiingie.

#14 Mkimbizi wa Ohio

Nipo huku Ohio, jirani yangu ni kondakta wa treni ya mizigo. Watu wa bongo wanadhani haya mambo yaliisha zama za makaa ya mawe. Mwaka 2022 wafanyakazi wa reli za mizigo kama 115,000 walikuwa wanaelekea kugoma, na hoja iliyowasha moto ilikuwa siku za kuugua zenye malipo. Jamaa anaishi na simu mkononi, akiitwa anatakiwa kufika, hata kumpeleka mtoto hospitali anapanga kama anaiba. Bunge likatunga sheria ya kuwalazimisha wakubali mkataba, Rais Biden akasaini tarehe 2 Desemba. Nyongeza ya mshahara ya asilimia 24 kwa miaka mitano ilikuwemo. Siku za kuugua zikapigiwa kura pembeni, Seneti 52 kwa 43, hazikufikisha 60 zilizotakiwa. Baadaye makampuni mengi yakaanza kuzitoa yenyewe kwa makubaliano na vyama.

#15 Taruma la Mninga

Asante kwa hilo mkuu. Na tazama mnyororo wake: 1894 jeshi na zuio, 1946 Rais Truman alikwenda mbele ya Bunge kuomba mamlaka ya kuwaingiza wagomaji jeshini kwa lazima (akiwa katikati ya hotuba akapewa karatasi kwamba wamekubali kurudi kazini), 2022 kalamu. Mfanyakazi wa reli Marekani akigoma, mtu wa kwanza kukutana naye ni serikali. Kwa upande wa pili, saa 8 za kazi kwa siku walizipata 1916 kwa sheria ya Bunge kwa sababu hiyo hiyo: Rais Wilson aliogopa treni zisimame.

#16 Gulwe Junction

Swali la kizushi: haya yana uhusiano wowote na huku kwetu au tunasoma tu ya watu?

#17 Taruma la Mninga

Upo, na si wa kulazimisha. Reli ya Uganda ilipofika kwenye mteremko wa Mau, madaraja 27 ya chuma yalitengenezwa na kusimamishwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company. Hiyo ni ya chuma.

Ya watu ndiyo kubwa. Randolph baadaye alikuwa mmoja wa makamu wa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la AFL-CIO, na humo alikuwa sauti ya Afrika. Tom Mboya alipozunguka Marekani 1956, shirikisho lile lilichanga dola 35,000 za kujenga makao ya vyama vya wafanyakazi Nairobi, Solidarity House. Maida Springer, mwanamke wa chama cha washona nguo cha New York na mtu wa karibu wa Randolph, alifika Dar es Salaam 1957 kufanya kazi na Tanganyika Federation of Labour, na wakoloni hawakumpenda hata kidogo.

Na kwao huko huko: mtu aliyekwenda kumtoa Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, rumande pale Montgomery, Desemba 1955, ni E. D. Nixon, mhudumu wa Pullman na kiongozi wa tawi la chama chao. Maandamano ya Washington ya 1963 ya kudai haki za weusi, mwenyekiti wake alikuwa Randolph.

#18 Nondo Tatu

Nakubali kwa shingo upande. Ila bado nakupinga kwenye kichwa cha uzi. Weusi hawakuishinda Pullman, Rais Roosevelt ndiye aliyeishinda. Bila sheria ya 1934 ya kulazimisha uchaguzi, Randolph angekuwa bado anasubiri umeme urudi ofisini. Na hao wa Debs wangepewa sheria hiyo 1894 nao wangeshinda.

#19 Taruma la Mninga

Hoja nzito, na nusu yake naikubali. Jeshi na zuio ndivyo vilivyomuua Debs. Hata wangepiga kura 112 za ndiyo, Cleveland angepeleka askari vilevile. Nachosema mimi ni kwamba mgomo wa kugomea mabehewa ya Pullman, uliowaacha nje watu wanaofanya kazi ndani ya mabehewa ya Pullman, ulijikata mguu kabla ya mbio.

Sasa hiyo sheria. Ya 1933, ya dharura ya uchukuzi wa reli, haikuwagusa wahudumu, kwa sababu Pullman ilikuwa kampuni ya mabehewa ya kulala, si ya reli. Wangeweza kukaa wakalia. Randolph akaenda Washington kugonga milango ya maseneta, chama kikiwa hoi kifedha, na marekebisho ya 1934 yalipotoka, kampuni za mabehewa ya kulala zilikuwa zimeandikwa ndani. Roosevelt hakuwakumbuka mwenyewe, walikumbushia.

Halafu sheria ilitoa sanduku la kura tu. Kampuni nayo ilikuwa na chama chake kwenye karatasi ileile, na mabosi wake walikuwa wanajua majina ya kila mtu na safari zake. Wale 5,931 walipiga kura wakijua majasusi wapo behewani. Mamia waliobaki na chama 1933, na wake zao waliokuwa wanapitisha daftari la michango mlango kwa mlango, ndio waliofanya pawepo na jina la kuchagua.

#20 Nondo Tatu

Sawa, "walikumbushia" nimeipenda. Na chama chenyewe kipo mpaka leo?

#21 Taruma la Mninga

Hapana. Ndege na magari viliwaondoa abiria, Pullman ikaacha kuendesha mabehewa ya kulala mwisho wa 1968, na 1978 chama kikaungana na chama cha makarani wa reli na ndege. Mji wa Pullman upo, Obama aliufanya eneo la kumbukumbu la kitaifa 2015, na jirani yake kuna jumba la makumbusho la wahudumu lenye jina la Randolph. Ukipita Chicago, nenda.

Uzi wa Wachina nitauleta kivyake, Nondo Tatu usikose.